Hema Letu Chini ya Mlima Mweupe

Habari ya likizo ya jamaa moja ya Kivu katika milima ya Alpi

Wahenga walisema: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo nimewafundisha watoto wangu tangu wangali wadogo, nami nilikuwa nikiitumia kama fimbo: mkuu ni mimi, na kazi yao ni kusikia. Mwezi wa Julai, mwaka 2023, nilifundishwa maana yake nyingine, usiku, ndani ya hema, katika milima ya Alpi, na siku ile nusura niwapoteze watoto wote watatu. Ndiyo sababu ya kuandika habari hii. Sehemu yake kubwa ni ya furaha, maana likizo ile ilikuwa njema kuliko zote tulizopata. Lakini sitaificha sehemu ya aibu, kwa kuwa ndiyo yenye faida kwenu, hasa ninyi mnaokaa katika nchi za baridi, Bukavu, Lubero na Butembo, ambako watu wengi huingiza mbabula chumbani usiku.

Kwa nini hema?

Mimi na mke wangu ni wazaliwa wa Bukavu, nasi twakaa Ubelgiji siku nyingi sasa. Mimi nafanya kazi ya usiku katika ghala. Yeye hutunza wazee mchana. Mmoja aingiapo, mwingine hutoka. Wakati ule mvulana wetu alikuwa na miaka tisa, binti yetu miaka sita, na kitinda mimba miaka mitatu.

Siku moja mwalimu aliwaagiza wanafunzi wachore picha ya jamaa zao. Mvulana wetu akamchora mama, dada, mdogo wake, na kando yao mlango uliofungwa. Mama akamwuliza, "Na Papa yuko wapi?" Akajibu, "Yumo humo ndani, amelala. Tusipige kelele." Mke wangu akaibandika picha ile jikoni, asiseme neno. Nami niliiona kila alfajiri niliporudi kazini.

Basi nikaomba likizo ya majuma mawili. Lakini twende wapi? Nauli ya watu watano hata Bukavu haikuwezekana, na hoteli vilevile. Ndipo rafiki yetu mmoja wa parokia akatuazima hema kubwa, lenye vyumba viwili vya kulala na sebule ndogo katikati. Akasema, "Nendeni bonde la Aosta, huko Italia. Ni nchi ya milima kama kwenu, tena watu wake wanajua Kifaransa." Alisema kweli. Tangu mwaka 1948 Kiitalia na Kifaransa ni lugha za serikali katika bonde lile, zote mbili sawasawa.

Mke wangu alifungasha kwa busara: mifuko ya kulalia, magodoro membamba, makoti ya mvua, kofia za sufu, sufuria mbili na mwiko, unga wa mihogo, sambaza wakavu na chupa ya mawese. Mimi nikaongeza mbabula yetu ndogo na mfuko wa makaa, nikifurahi moyoni kwamba tutachoma nyama kama nyumbani.

Nyumba iliyo juu ya njia

Kutoka Brussels hata mji wa Courmayeur ni karibu kilometa 900. Tulizikata kwa siku mbili, maana mtoto wa miaka mitatu hawezi kufungwa kitini mchana kutwa. Kila baada ya saa mbili tulisimama wakimbie kidogo, na jioni tulisali rozari garini, kila mtoto akiongoza fungu lake.

Siku ya pili, badala ya kupita katika shimo refu la chini ya mlima lililofunguliwa mwaka 1964, tulishika njia ya zamani ipandayo hata kilele cha pito la Grand Saint-Bernard, mita 2,469 juu ya bahari. Njia hiyo hufunguliwa wakati wa kiangazi tu. Miezi mingine yote theluji huifunika. Pale juu pana nyumba kubwa ya mawe, makao yaliyoanzishwa na Mtakatifu Bernardo katika karne ya 11. Zamani wasafiri wengi walikufa katika pito lile kwa baridi na kwa wanyang'anyi. Bernardo, padri wa Aosta, akaweka pale watawa wa kuwapokea watu wote bila kuwauliza wametoka wapi. Hata leo mapadri wake wanakaa pale, kiangazi na majira ya theluji, nao wana neno lao la tangu zamani: hapa Kristo huabudiwa na hulishwa. Mwaka 1923 Baba Mtakatifu Pius XI, ambaye mwenyewe alikuwa mpanda milima hodari katika ujana wake, alimtangaza Bernardo kuwa msimamizi wa wakaao katika Alpi na wa wapanda milima.

Watoto walitaka hasa kuwaona mbwa. Ndio wale mbwa wakubwa, wenye nywele nyingi, waliowasaidia watawa kuwatafuta waliopotea. Mmoja wao, aitwaye Barry, aliyekufa mwaka 1814, husemwa aliokoa watu zaidi ya 40. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa helikopta, lakini wakati wa kiangazi mbwa kadhaa huletwa pale, na wageni huwatazama. Binti yetu alihuzunika kidogo alipoambiwa kwamba kile kipipa cha pombe shingoni mwa mbwa, kama kionekanavyo katika picha, ni hadithi tu.

Tukaingia kanisani, tukaomba ulinzi kwa siku zetu zote. Sikujua tutauhitaji upesi hivyo.

Kijiji cha turubai

Courmayeur ni mji mdogo wa mapumziko, mita 1,200 na kidogo juu ya bahari, chini kabisa ya Mlima Mweupe, ambao Wafaransa huuita Mont Blanc na Waitalia Monte Bianco. Urefu wake wapita mita 4,800. Juu ya mji huo njia huingia katika bonde jembamba liitwalo Val Veny, na humo, kati ya misonobari, ziko kambi za wenye mahema. Mtu hulipa kwa usiku, hupewa kiwanja chake, maji safi, vyoo na mahali pa kuoshea vyombo. Ni kama kijiji cha turubai: Waholanzi, Waitalia, Wafaransa, na sasa Wabashi watano.

Penye lango tulipewa karatasi ya sheria. Mvulana wetu, ambaye hawezi kuona maandishi bila kuyasoma, aliisoma yote kwa sauti: saa za kunyamaza, mahali pa kutupa takataka, na kwamba ni marufuku kuingiza moto au makaa hemani. Nikamwambia, "Vema, umesoma vizuri," nikaendelea kupigilia mambo.

Nawaeleza sasa mambo machache tuliyojifunza, maana kukaa hemani na watoto wadogo kuna elimu yake. Kwanza, chagua kiwanja kilichoinuka kidogo. Usipige hema kando ya kijito kitokacho katika barafu: asubuhi ni chembamba, lakini jua likiyeyusha barafu, jioni kimekuwa mto. Usilipige chini ya mti ulio peke yake, kwa ajili ya radi. Pili, baridi kali haitoki hewani tu, hutoka ardhini. Blanketi moja chini ya mtoto yafaa kuliko mawili juu yake. Tatu, jua la milimani huunguza hata siku ya baridi. Kofia na mafuta ya kukinga ngozi ni lazima, na sisi watu weusi tusijidanganye kwamba hayatuhusu. Nne, kila mtoto apewe kazi yake. Mvulana alikuwa mwangalizi wa kamba na mambo. Binti alichota maji katika kidumu chake. Na kitinda mimba alihesabu mambo ya hema kila asubuhi, ijapokuwa hesabu yake iliishia kumi na kuanza tena.

Siku tatu za kwanza zilikuwa kama asali. Tuliamka mapema, tukatembea kabla ya jua kuwa kali, maana katika milima ile mawingu ya radi hupenda kuja baada ya adhuhuri. Hatukwenda mbali. Kwa mtoto mdogo saa moja ya kupanda yatosha, na mwendo wa jamaa nzima ni mwendo wa mguu ulio mfupi kuliko yote. Tuliwaona wanyama wanene wafananao na pimbi wetu, waitwao marmotte. Mmoja husimama juu ya jiwe akilinda. Akiona hatari hupiga mluzi, na wenzake wote huingia mashimoni mara moja, wasiulize aliyepiga mluzi ni nani. Watoto waliuiga mluzi ule mchana kutwa, hata mama yao akaomba amani.

Jioni nilichoma nyama nje kwa mbabula, mke wangu akasonga bugali, na majirani wakaja kuonja sambaza. Jirani wa karibu alikuwa mwanamke mzee wa Torino, aliyekuja peke yake na hema dogo. Watoto walimwita Nyanya. Nami, kwa mara ya kwanza tangu miaka mingi, nililala usiku na kuwa macho mchana kama watu wengine. Mvulana wangu alinionyesha mambo aliyokuwa ameyaweka siku nyingi: jino lililong'oka, na namna ya kupiga mluzi kwa vidole viwili.

Usiku wa nne

Siku ya nne ilinyesha tangu adhuhuri. Jioni mvua ikakoma, upepo wa baridi ukashuka kutoka penye barafu, na mawingu yalipopasuka tukaona theluji mpya juu ya vilele vya karibu. Kitinda mimba alikuwa akitetemeka, na mifuko ya kulalia ilikuwa na unyevu. Nilimwona mke wangu akiwavika watoto nguo juu ya nguo.

Mbabula ilikuwa nje. Nyama ilikuwa imekwisha kuchomwa, moshi hakuna, mwali hakuna, makaa yamebaki mekundu tu. Nikaiinua kwa kitambaa, nikaiweka katika sebule ya hema, katikati ya vyumba viwili, nikafunga mlango wa nje hata chini ili upepo usiingie.

Mvulana wangu akasema kwa sauti ndogo, "Papa, karatasi imekataza."

Nikamjibu, "Nani mkubwa hapa, karatasi au mimi? Bibi yako alitulaza na mbabula Bukavu, na mimi mbele yako ni mzima. Lala."

Akanyamaza, kwa kuwa nilimlea anyamaze. Hema likajaa joto tamu. Tukasali sala ya jioni, tukalala.

Habari za usiku huo nilizisikia baadaye, maana mimi sikuamka. Mvulana alikosa usingizi kwa hofu ya ile karatasi, kisha kichwa kikaanza kumwuma. Alimsikia mdogo wake akitapika bila kulia. Akamwita mama, mama akajibu maneno yasiyoeleweka. Basi akatambaa hata mlangoni, akaufungua wote, akatoka. Hakuniamsha mimi. Hospitalini nilipomwuliza sababu, alinijibu: "Tumekatazwa kukuamsha."

Alikwenda kwa yule Nyanya wa Torino. Bibi huyo akaja na taa yake, akaiona mbabula, akapiga kelele hata kambi nzima ikaamka. Watu wakatukokota nje, kwenye nyasi zenye maji. Nilipofumbua macho niliona nyota nyingi sana. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Kando yangu mke wangu alikuwa akitapika, na mtu nisiyemjua alikuwa amempakata kitinda mimba, ambaye kichwa chake kilining'inia kama ua lililokatwa.

Mtu alikuwa amekwisha kupiga simu 112, namba ya kuomba msaada katika nchi zote za Umoja wa Ulaya. Gari la wagonjwa likaja. Tukawekwa vifuniko vya oksijeni puani na mdomoni, tukashushwa hospitalini. Kabla ya mapambazuko kitinda mimba alilia na kumtaka mama yake. Sijapata kusikia wimbo mzuri kuliko kilio kile.

Adui asiye na harufu

Daktari alituelezea kwa subira, nami nawaeleza ninyi. Makaa yakiwaka hutoa hewa yenye sumu, ambayo wataalamu huiita monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Twadhani hatari ni moshi, na moshi ukiisha twasema makaa yamekuwa safi. Sivyo. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa sumu hiyo kwa wingi, na hata yale yaliyofunikwa na majivu hayajaacha kuitoa.

Damu yetu ina kazi ya kuchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka mwilini mwote. Lakini sumu hiyo huishika damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Basi damu hujaa sumu, na mwili hukosa oksijeni ijapokuwa kifua chapumua. Mtu huona kichwa kinamwuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na miguu kulegea. Aliyelala hasikii kitu. Usingizi wake huzidi kuwa mzito hata mwisho. Watoto wadogo hudhurika upesi, kwa sababu hupumua haraka kuliko sisi. Dawa ya kwanza ni kumtoa mtu nje, penye hewa safi, kisha kumpeleka kwa mganga upesi. Maziwa, mafuta na maji ya kunywa havisaidii.

Daktari alipokuwa akisema hayo, nilikumbuka jambo la utoto wangu. Katika mtaa wetu kule Bukavu, asubuhi moja baada ya usiku wa mvua, jamaa nzima ilikutwa imekufa kitandani, baba, mama na watoto wawili. Hapakuwa na jeraha wala damu. Watu wakasema ni ulozi, wakamsingizia mjane mmoja mzee, wakamfukuza na kuibomoa nyumba yake. Nilikuwa mtoto, nami nilishika jiwe. Sasa, miaka mingi baadaye, nikaiona tena nyumba ile ya marehemu kwa macho ya moyo: dirisha limezibwa kwa nguo kwa ajili ya baridi, na mbabula imesimama katikati ya chumba. Wote tuliiona siku ile, na hakuna aliyeitazama. Mama yule mjane amekwisha kufa, siwezi tena kumwomba radhi. Naomba Misa kwa ajili yake.

Baba apigaye magoti

Kesho yake jioni daktari aliturudishia ruhusa ya kuondoka. Kabla ya kutoka, mvulana wangu alikuwa ameketi kitandani, akinitazama kwa wasiwasi. Akaniuliza, "Papa, umekasirika kwa kuwa nilifungua mlango?"

Wazee wenzangu, nimezaliwa katika desturi ambayo baba hamwombi mtoto msamaha. Naiheshimu desturi yetu katika mengi. Lakini neno lile lilinivunja. Nilipiga magoti mbele ya mtoto wangu, mama yake akiona, nikamwambia: "Wewe ulisema kweli, mimi nilikosa. Unisamehe. Na tangu leo, ukiona hatari, uniamshe, hata kama nimelala, hata kama nimekukataza." Akafikiri kidogo, akauliza, "Hata ukitoka kazini?" Nikasema, "Hata nikitoka kazini."

Sikuona kwamba heshima yangu ilipungua siku ile. Watoto wangu wanisikia leo kuliko zamani, maana wajua kwamba hata mimi nasikia.

Mke wangu alitaka turudi Ubelgiji mara moja. Watoto ndio waliosihi tubaki. Basi tukarudi kambini. Majirani walikuwa wamelianika hema letu na kukausha mifuko yote ya kulalia, na yule Nyanya alitupikia supu. Tukawaazima watoto makoti yetu, tukalala tumebanana wote watano katika chumba kimoja, na jamaa ya Waholanzi ikatupa chupa za mpira za kutia maji ya moto. Usiku ule hatukuona baridi. Kumbe dawa ya baridi ilikuwa rahisi hivyo, kama ningeuliza.

Mwana wa mfalme na waongozi wake

Dominika tulisali penye kanisa la Bikira Maria liitwalo Notre-Dame de la Guérison, yaani Mama Yetu wa Uponyaji, lililo mwanzoni mwa bonde, likitazamana na barafu kubwa. Kuta zake zimejaa shukrani za watu wa milimani: picha, vibao, magongo ya waliopona. Hatukuwa na kibao. Binti yetu aliacha ua moja na kofia yake ya sufu.

Siku iliyofuata tuliingia mjini, katika nyumba ya waongozi wa milima. Chama chao kiliundwa mwaka 1850, na makumbusho yao yana jina la Duke wa Abruzzi. Mvulana wangu alipokuwa akisoma vibao, ghafula akaita, "Papa, njoo! Imeandikwa Ruwenzori!"

Ndivyo ilivyo. Tarehe 18 Juni mwaka 1906 mtu wa kwanza ajulikanaye kufika kilele cha juu cha Ruwenzori, mpakani mwa Kongo na Uganda, alikuwa Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, mwana wa Amedeo aliyekuwa mfalme wa Hispania. Alikiita kilele hicho Margherita kwa jina la malkia wa Italia. Lakini hakufika peke yake. Aliongozwa na watu watatu wa Courmayeur hiihii: Joseph Petigax, César Ollier na Joseph Brocherel. Ollier na Brocherel walikuwa wamekwisha kufika kilele cha mlima Kenya mwaka 1899, pamoja na Mwingereza Halford Mackinder. Na katika milima yetu, wenyeji wa nchi ile, Wakonjo, ndugu wa Wanande wa Kongo, walibeba mizigo katika matope na baridi.

Nikawaambia watoto kwamba Margherita una mita 5,109, maana yake Ruwenzori wetu waupita Mlima Mweupe kwa mita 300 hivi. Walifurahi kupita kiasi, wakatoka wakiutazama Mlima Mweupe kama mdogo wao. Lakini mimi nilibaki nikiwaza jambo jingine. Mmoja alikuwa mwana wa mfalme, wengine wanakijiji. Penye barafu walifungwa kamba moja, na aliyetangulia ni yule ajuaye njia. Katika milima hatuulizi kwanza nani mkubwa. Twauliza nani ameona ufa. Usiku ule katika hema letu aliyeona ufa alikuwa na miaka tisa.

Pumziko lililo wajibu

Huenda msomaji atasema: likizo ni jambo la matajiri. Sisi si matajiri; hema lilikuwa la kuazima. Tena Kanisa halidharau mapumziko. Bwana wetu mwenyewe aliwachukua mitume wake kando, mahali pa faragha, wapumzike baada ya kazi. Katika bonde hilihili la Aosta, kijijini Les Combes, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alikuja kupumzika mara kumi, kati ya mwaka 1989 na 2004. Na Pier Giorgio Frassati, kijana wa Torino aliyekufa mwaka 1925 akiwa na miaka 24, aliyewahudumia maskini kwa siri, aliipenda milima hii na kuwaongoza rafiki zake huko kwa sala na kicheko. Alitangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Vijana wetu wamwombe.

Asiyeweza kwenda mbali aende karibu. Siku moja nzima ya baba pamoja na watoto wake, kando ya ziwa au shambani kwa babu, bila simu na bila usingizi, ni likizo. Mimi niliomba kazi ya mchana baada ya kurudi. Mshahara umepungua, na twaona upungufu huo kila mwisho wa mwezi. Lakini jioni nala pamoja na watoto wangu.

Na sasa neno la mwisho kwenu wazazi wa Kivu, na kwenu wanafunzi mnaosoma karatasi hii kwa sauti mbele ya wazazi. Pikeni nje, au penye mlango na dirisha vilivyo wazi. Baridi ikizidi, vaeni nguo, laleni karibu karibu, tieni maji ya moto katika chupa iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa. Jamaa ikikutwa na msiba wa namna ile asubuhi, msitafute mlozi. Tazameni kwanza ni kitu gani kimesimama katikati ya chumba. Na mtoto akikuambia, "Papa, imekatazwa," usimwulize nani mkubwa.

Leo usiku, baada ya sala ya jioni na kabla ya kufunga mlango, toa mbabula nje.